Waya wa Kuzima Injini

Mimi nina mdomo, sijifichi. Mtaa mzima wa Gerezani, kwenye magereji, walijua kwamba ukileta gari lako kwangu ukaanza kunisomea ugonjwa wake kabla sijafungua boneti, utaondoka nalo likisukumwa. "Kama unajua, tengeneza mwenyewe, bwana!" Nilikuwa fundi umeme wa magari, na kazi ya umeme inamharibu mtu tabia, maana kutwa unatafuta kosa. Mke wangu alikuwa akisema siku nitakayokaa kimya mpaka magharibi ndiyo siku ya kuniita daktari. Nayasema haya mapema ili tukifika kwenye neno nililolimeza, mjue lilinikwama kooni kiasi gani.

Kaka yangu alikuwa mtu mwingine kabisa. Mpole, msafi, mtu wa kupiga pasi shati lake mwenyewe. Yeye alikuwa fundi wa ndege. Alianza kazi Nairobi akiwa kijana, kwenye karakana ya lile shirika la ndege la nchi tatu, na liliposambaratika akarudi nyumbani na sanduku la spana na uso wa mtu aliyetoka mazikoni. Hapa Dar mafundi walikuwa wengi kuliko ndege. Akaandikisha jina, akaambiwa asubiri. Akawa anaamka, anavaa shati jeupe, anapanda basi mpaka uwanja wa ndege, anaambiwa asubiri tena, anarudi mchana kola imelowa jasho. Halafu anakaa barazani kwa mama, macho chini, na ndege ikipita juu ya Kariakoo anaitaja aina yake kwa mlio tu, bila kuinua kichwa. Roho ilikuwa ikiniuma mimi kuliko hata yeye.

Siku moja akaacha kwenda. Akaanza kuleta mbao.

Tulidhani anatengeneza kitanda. Nyumba ya mama ilikuwa nyumba ya kawaida ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, wapangaji wengine na sisi wengine, na uani kuna kisima kilichozibwa, jiko na mwarobaini mmoja. Pale uani mbao zikachongwa nyembamba, zikagundishwa, zikapindwa, na kila mpangaji aliyekwenda kuoga alilazimika kuziruka. Kitanda kikawa kirefu mno. Kikaota mkia. Mama mmoja mpangaji, muuza maandazi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kaka yangu hajachanganyikiwa tangu arudi kutoka Nairobi. Nikamwambia achunge maandazi yake.

"Ni ndege," kaka aliniambia nilipomuuliza. "Ndogo. Kuna watu Ulaya wanazitengeneza nyumbani kwao, kwenye banda la gari. Michoro ninayo. Injini nitafunga ya Kobe."

Kobe tulikuwa tukiita yale magari ya Kijerumani yenye mgongo wa mviringo. Gerezani kila chuma chakavu kilipatikana ukiwa na subira, na injini ya Kobe ndiyo nyepesi kwa kazi ile.

"Unaenda nayo wapi?"

"Sifiki mbali. Nataka nipande juu mara moja tu, nikitazame Kariakoo, nishuke. Kwa kitu nilichokifunga kwa mikono yangu. Baada ya hapo wakitaka waniambie nisubiri mpaka kiyama."

Ningemcheka mtu mwingine, lakini yeye sikuweza. Na balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuja kukagua baada ya kusikia maneno, hakuweza pia. Alizunguka lile jambo mikono nyuma, akakohoa, akauliza, "Ndugu, hii ndege ni ya ujamaa au ya mtu binafsi?"

Kaka akafikiri. "Ina kiti kimoja, mwenyekiti. Tutapokezana."

Balozi akacheka mpaka akashika mwarobaini. Kuanzia siku hiyo ikawa ndege ya mtaa. Watu walisimama kwenye foleni ya sukari wakibishana kama itapita juu ya soko au itazunguka kwa Ilala. Ulikuwa wakati wa dhiki, sabuni huioni, mchele huuoni, Jumapili mchana hata gari binafsi hairuhusiwi kutembea ili petroli isiishe, na sisi tuna ndege uani. Kaka alikuwa akisema wamekataza magari Jumapili, ndege hakuna aliyezitaja. Wallahi tulikuwa na raha ya bure.

Mama peke yake ndiye ambaye hakucheka.

Inabidi niseme habari ya baba hapa. Baba alikuwa dereva wa teksi, na desturi ya madereva wa Kariakoo miaka ile ilikuwa moja: ukilaza gari, unafungua boneti, unachomoa waya mnene wa koili, unaingia nao ndani. Mwizi apige stata mpaka achoke, bila waya ule gari haiwaki. Jioni baba alikuwa akimkabidhi mama waya, mama anaufunga kwenye pindo la khanga. Asubuhi anampa chai, anampa chapati, anafungua pindo, anampa waya. Siku ya mwisho mvua ilikuwa ikinyesha na baba alikuwa na homa. Mama alimsihi alale. Akasema kuna mteja wa Pugu anamngoja. Mama akafungua pindo, akampa. Huko Pugu kulikuwa na lori limeegeshwa barabarani halina taa.

"Mimi ndiye niliyempa waya," mama alikuwa akisema miaka yote. Unamwambia, mama, ajali ni ajali. Anaitikia kwa kichwa, anakunjua mkeka, halafu anasema tena vilevile.

Kwa hiyo kaka alitaka kuruka, mama alitaka asiruke, na mimi nilitaka wote wawili wafurahi. Hiyo ndiyo balaa iliyonikuta.

Kaka alijua kila kitu cha ndege isipokuwa umeme. Kule Nairobi yeye alikuwa wa bodi na mabawa, umeme ulikuwa na watu wake. Akanijia gereji, akanunua chai, akasema, "Nataka unichoree umeme."

"Gari lenye mabawa tu lile, kaka. Nipe siku kidogo."

"Chora kwanza."

Nikaenda uani na kipande cha mkaa, nikachora sakafuni pale penye saruji. Betri hapa, swichi hapa, taa ya bawa la kulia, taa ya bawa la kushoto, taa ya mkiani, geji ya oili. Kila kitu waya mmoja, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Kaka akachuchumaa kutazama.

"Umeme unaenda kwa waya huu. Unarudi kwa njia gani?"

"Kwenye bodi. Bodi ndiyo negativu, kaka, hata mtoto anajua."

Akainuka, akaenda kuigonga ndege kwa kidole. Ko, ko, ko. Mbao.

Jamani! Niliona aibu mpaka masikioni, na aibu kwangu hutoka ikiwa hasira. Nikafuta mchoro wote kwa kandambili nikaondoka. Lakini sikulala vizuri, kesho yake nikarudi. Nikachora upya, kila taa na waya wa kwenda na waya wa kurudi, zote zikikutana kwenye kipande kimoja cha shaba nyuma ya kiti. Kaka akautazama, akaridhika, kisha akachukua zile nyaya nilizokuja nazo, za magari, akatoka nazo. Nikamfuata. Kumbe anaenda kwa muuza dagaa. Akaziweka kwenye mizani.

"Nzito," akasema.

"Ni waya, si samaki!"

"Kila kitu kinachopanda juu kinabebwa na kitu. Tafuta nyembamba."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuchora umeme wa ndege, kwa mizani ya dagaa. Nyembamba hazikuwa madukani. Maduka yenyewe yalikuwa na makabati na muuzaji aliyeegemea meza. Nikapata kwa jamaa mmoja wa Buguruni furushi la nyaya za simu za zamani, nzuri, za shaba tupu, lakini zote rangi moja, kijivu. Ukizifunga pamoja hujui ipi ni ipi. Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, kichupa alichokitunza tangu harusi ya dada yake, nikapaka kila mwisho wa waya alama zake. Alinuna, lakini alitoa. Betri tukapata ya pikipiki. Fyuzi nilikataa katakata kutumia karatasi ya sigara kama tulivyokuwa tukiwafanyia wenye magari siku fyuzi zikikosekana. Gari ikishika moto unaruka nje. Kule juu unaruka kwenda wapi?

Likabaki la injini, na hapo ndipo kaka alinifundisha jambo nililokuwa silijui.

Injini ya gari inawaka kwa umeme wa betri. Waya ukikatika, inazima, umekaa pembeni ya barabara unatukana. Ya ndege haifanywi hivyo. Kaka aliondoa koili na kila kinachohusiana nayo, akafunga magneto, kidude kinachozungushwa na injini na kujitengenezea umeme wake chenyewe. Betri ife, taa zife, injini inaendelea.

"Sasa utaizimaje?" nikauliza.

"Kwa waya mmoja. Unatoka kwenye magneto, unaenda kwenye swichi. Ukizima swichi, ule umeme unapelekwa chini kwenye chuma cha injini, unapotea, injini inazima."

Nikakaa nikalifikiria. "Kwa hiyo waya huo ukikatika..."

"Injini haizimi. Ndivyo inavyotakiwa. Ungependa izime juu ya Jangwani kwa sababu panya kala waya?"

Nikaupenda huo ujanja, sisemi uongo. Nyaya nyingine zote za kuwasha, huu mmoja wa kuzima. Nikautengeneza kwa makini kuliko zote, mfupi, wenye vishikizo vya shaba huku na huku ili siku ya kushusha injini uchomolewe bila kukata kitu. Nikaupaka rangi nyekundu miisho yote miwili. Ukapita nyuma ya injini, chini ya bomba la petroli, mahali ambapo kama huutafuti huuoni.

Mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Hakuwahi kuuliza lolote juu ya ndege ile. Siku hiyo akauliza.

"Nyaya zote hizo, na ya injini ni ipi?"

Nilifurahi, Mungu anajua. Nilidhani moyo wake umeanza kulainika. "Hii hapa mama, hii nyekundu. Injini yote iko kwenye huu."

"Ahaa," akasema, akarudi kwenye mbuzi yake.

Alhamisi mchana tukaiwasha mara ya kwanza. Mabawa yalikuwa bado yameegemezwa ukutani, tulikuwa na mwili tu, injini na propela ya mbao aliyoichonga mwenyewe. Tukaifunga mkia kwenye mwarobaini kwa kamba ya katani. Mimi nikakaa kwenye kiti, kaka akasimama mbele. Kuna utaratibu wa mafundi wa ndege wa kuitikiana alioniapisha niufuate. Anauliza kwa sauti, "Swichi?" Mimi naangalia swichi, namjibu, "Imezima!" Ndipo anaishika propela na kuizungusha taratibu kwa mkono ili injini ivute petroli. Kisha anasema, "Washa!" Nami nawasha na kumwitikia, anaivuta kwa nguvu, anaruka nyuma.

Ikawaka. Kuku walikimbilia kwa jirani, khanga zilizoanikwa zikaruka ukutani, muuza maandazi akaita jina la Mtume. Nikazima swichi, ikanyamaza papo hapo. Nikawasha, kaka akaivuta, ikanguruma. Nikazima, kimya. Kaka alikuwa akicheka mdomo wazi, na mimi sikuwa nimeyaona meno yake tangu arudi. Akaja akanishika kichwa kwa mikono yake miwili kama tulipokuwa watoto. "Fundi!" akasema. "Fundi!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake. Nilimwona akiitazama swichi mkononi mwangu.

Mpango ukawa hivi: Jumamosi atakuja bwana mmoja wa ofisi inayohusika na mambo ya anga. Aione injini ikifanya kazi, aguse mbao, apime. Akiridhika, ndege itabebwa kwa mkokoteni mpaka kwenye uwanja wa wazi nje ya mji, ifungwe mabawa, na kaka aruke. Kwa mama, maana yake ilikuwa kwamba baada ya Jumamosi ndege itatoka nyumbani kwake. Ijumaa kaka na mimi tulikwenda msikitini, na nyumba ikabaki na wanawake.

Jumamosi balozi alivaa suti ya Kaunda. Yule bwana wa ofisini alikuja na miwani ya jua, mtu wa heshima, akasalimia kila mtu. Kaka alikuwa ameamka mapema kufunga kifuniko cha injini na kukipiga rangi kikapendeza. Watu walijaa ukumbini mpaka barazani. Nikapanda kwenye kiti. Kaka akakunja mikono ya shati lake jeupe.

"Swichi?"

Nikaiangalia swichi. Ilikuwa chini, mahali pake.

"Imezima!"

Akashika propela aizungushe taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake mwenyewe, na injini ikawaka.

Sitaeleza mkono. Walioona waliona. Nitaeleza swichi. Nilikuwa nikiipandisha na kuishusha, nikiipandisha na kuishusha, na injini inanguruma, kamba inavutika, mwarobaini unatikisika, watu wanapiga kelele, kaka amelala chini mbele yangu na shati limekuwa jekundu, nami siwezi kushuka kwa sababu nikishuka hakuna wa kuizima. Umeme nimeuchora mimi, nimeufunga mimi, na haunisikii. Mwishowe nikakumbuka koki ya petroli. Nikaifunga. Hata hapo haikuzima mara moja, iliendelea na mafuta yaliyobaki kwenye bomba, ikinguruma kwa raha zake, na mimi nimekaa pale nikisubiri imalize.

Yule bwana wa ofisini ndiye aliyemfunga kaka kidonda kwa tai yake na kumpeleka hospitali kwa gari lake. Nashukuru mpaka leo. Kiganja cha kulia hawakuweza kukiokoa.

Kesho yake asubuhi nikafungua kifuniko. Waya wa kuzima haukuwepo. Haukukatika, haukulegea. Haukuwepo kabisa. Hapo mdomo wangu ukafunguka. Nilisimama uani nikaitukana nyumba nzima, mpangaji mmoja mmoja. Nani mwizi? Nani kauza mkono wa kaka yangu kwa kipande cha shaba? Nilimfuata muuza maandazi mpaka mlangoni, nikamfuata mume wake. Ningemfuata na balozi kama angekuwepo.

"Mwanangu." Mama aliniita kutoka ndani. "Acha kuwatukana watu. Waya ninao mimi."

Niliingia. Alikuwa kwenye mkeka, macho yamevimba. Akafungua pindo la khanga, na waya wangu ukatoka, ncha zake nyekundu.

"Niliuchomoa Ijumaa mlipokwenda kuswali," akasema. "Baba yako nilimpa, akaenda. Safari hii nikasema simpi mtu. Likose kuwaka mbele ya mgeni, aone aibu, aache." Akaanza kulia upya. "Lakini lile dude ni shetani, mwanangu. Bila waya limewaka! Hebu fikiria huo waya ungekuwepo. Si lingemla mzima mzima? Mungu kampunguzia. Mkono tu."

Nilifungua mdomo.

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Mama, waya ule haukuwa wa kuwasha, ulikuwa wa kuzima. Nilikuwa nayo ulimini. Mimi niliyewahi kumfukuza mteja gereji kwa kusema koili badala ya kandensa, nimekaa mbele ya kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona na natakiwa nilirekebishe. Nikamtazama mama. Alikuwa ameushika ule waya kwa mikono yote miwili, na uso wake, katikati ya kilio, ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu baba afariki. Alikuwa amepumzika. Safari hii hakuwa amempa mtu waya.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Ungekuwepo, ungemuua."

"Ndiyo, mama."

Akaurudisha kwenye pindo.

Nikaenda hospitali. Kaka alikuwa amelazwa macho kwenye dari, bendeji imefika kwenye kiwiko. Nikamwamkia, "Shikamoo kaka." Hakuitikia.

"Nilikuuliza swichi," akasema.

"Ndiyo."

"Ukasema imezima."

"Ndiyo, kaka."

"Waya wa magneto uliukagua?"

Nikimwambia mama ndiye, atakwenda kwa mama. Hata asipokwenda, atamtazama, na mama atajua. Nikimwambia mwizi, atataka mwizi. Nikasema, "Nadhani sikuukaza vizuri."

"Unadhani," akasema. Akafumba macho. Ndiyo ikawa hivyo, nikawa fundi aliyemkata kaka yake mkono.

Miaka ikapita. Mwili wa ndege ukakaa pale uani mpaka kuku wakahamia kwenye kiti. Mbao za mabawa mama aliwapa wapangaji wakafanyia milango. Siku moja wale wa uwanja wa ndege wakampelekea kaka habari kwamba nafasi imepatikana. Akavaa shati jeupe akaenda. Walimtazama mkono, wakamwambia asubiri. Baadaye akapata kazi ya stoo kwenye duka la ushirika Magomeni, akajifunza kuandika kwa kushoto. Hakunitukana hata mara moja, na ingekuwa heri. Nilikuwa nikimwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, anatazama mlango. Redio yake ikiharibika alikuwa akiipakata kwenye basi mpaka Buguruni kwa fundi mwingine, anapita mbele ya gereji yangu. Mimi, niliyekuwa nikigombana na watu kwa kutopewa kazi wanayoipeleka kwa wababaishaji, ninamtazama anapita. Mke wangu alijua kuna jambo. "Sema basi," alikuwa akiniambia, "utapasuka." Nitasema kwa nani? Kumwambia kaka ni kumwambia mama.

Kisha mama akaanza kuumwa, maradhi ya uzee, miguu na kifua. Mchana mmoja akatuita wote wawili. Tulikaa kila mmoja upande wake wa kitanda, kaka karibu na dirisha. Mama akaniagiza nifungue sanduku la khanga zake, chini kabisa, nimpe kifurushi cha kitambaa cheupe. Nilipokishika nilijua ni nini kabla sijakitoa.

"Mpe kaka yako," akasema. "Ni amana yake. Sitaki kufa na kitu cha mtu."

Nikasema, mama, liache hilo, pumzika. Akaniambia kwa ukali wa zamani, "Mpe!"

Nikampa. Akakifungua kwa mkono wa kushoto juu ya goti lake. Rangi ya kucha ilikuwa imefifia lakini ilikuwepo, huku na huku. Vishikizo vilikuwa vinang'aa. Waya ule haukuwa umekatika, wala haukuwa umelegea.

"Ni wa ndege yako," mama akasema. "Niliuchomoa mwenyewe ile Ijumaa, ili isiwake. Ikawaka vilevile, ukapoteza mkono, lakini kama ningekuachia huo waya tungekuzika. Usinichukie, mwanangu. Baba yenu nilimpa."

Kaka alikuwa fundi. Alihitaji muda mfupi tu. Nilimwona akiupitisha ule waya kati ya vidole, kutoka ncha hadi ncha, nikamwona anafika kwenye jibu. Akainua macho, hakumtazama mama, alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa kidogo sana, kumkataza. Sikuwa na kingine cha kufanya. Neno lilikuwa lake sasa.

Akauzungusha waya kwenye vidole vya mkono wa kushoto.

"Ahsante, mama," akasema. "Uliniokoa."

Mama akashusha pumzi, akamshika ule mkono usio na kiganja, akausugua taratibu kama unaouma kwa baridi, mpaka akasinzia.

Tukatoka barazani. Jua lilikuwa kali, watu wanapita kwenda sokoni, na kati yetu hakuna aliyekaa. Nilingoja aniulize, nami nilikuwa na majibu ya miaka yote hiyo yamejipanga. Hakuuliza. Alisimama mbele yangu, kaka yangu mkubwa, ambaye tangu nijue kusema mimi ndiye ninayemwamkia, akauweka ule waya kwenye mfuko wa shati, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Mimi nina mdomo, nimeshasema. Nilishindwa kuitikia.